Kupunguza mwili bila kuacha ugali: anza na chupa ya mafuta

Mtu akisema anataka kupunguza mwili, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuacha. Acha wali, acha ugali, acha chapati, kula parachichi na mayai, asubuhi kunywa maji ya ndimu. Anavumilia wiki mbili. Wiki ya tatu kuna harusi, na Jumatatu yake amerudi kwenye zege (chipsi mayai) la kijiweni kwa hasira zote.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Ni wa mtu anayekula chakula cha kawaida cha nyumbani, anayepanda daladala, anayekula sufuria moja na familia, na asiye na hela ya kulipia jimu kila mwezi. Kazi kubwa itafanyika jikoni, kwenye vitu viwili ambavyo wengi hawavihesabu kama chakula: mafuta na sukari. Mazoezi yamo, lakini yanakuja baadaye, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, nani aanzie kwa daktari

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenclamide, usipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari. Dawa hizo zinaendelea kushusha sukari hata kama hujala, na sukari ikishuka mno mtu anapoteza fahamu. Mjamzito hana ruhusa ya kujinyima chakula. Anayenyonyesha aache soda na apunguze sukari, mengine yasubiri. Ukitembea kifua kinabana, hospitali kwanza, raba baadaye. Na ukiona unapungua bila kufanya lolote, usifurahie, nenda kapime.

Wapo pia walionenepa kwa sababu ya dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na dawa za steroidi zikitumika kwa muda mrefu ni hivyo hivyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Muulize aliyekupa kama kuna nyingine inayokufaa.

Hatua ya 1: Jipime, andika

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.62: 1.62 mara 1.62 ni 2.62, na 82 ukigawa kwa 2.62 unapata 31 na kidogo. Kati ya 18.5 na 24.9 ndiyo kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ule unaoitwa kiribatumbo.

Kipimo cha pili ni kiuno, na mimi nakiamini kuliko cha kwanza, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayosumbua moyo na sukari. Tumia futi ya fundi cherehani. Ipitishe kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje, usivute tumbo ndani (hakuna anayekuangalia). Sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ndipo hatari inapoanza.

Huna mizani? Wale vijana wanaopima uzito barabarani wanatosha, ila tumia mizani ileile, siku ileile ya wiki, asubuhi, ukiwa umevaa nguo za uzito unaofanana. Mara moja kwa wiki basi. Anayejipima kila siku atachanganyikiwa, maana maji ya mwilini peke yake yanaweza kupandisha au kushusha kilo moja usiku mmoja, hasa ukiwa umekula chumvi nyingi au unakaribia hedhi.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito ulionao. Kwa yule wa kilo 82 ni kilo 4, yaani afike 78. Ni kidogo, lakini presha na sukari huanza kuitikia hapohapo. Mwendo wa nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki unatosha. Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mbili anakuuzia kitu.

Hatua ya 2: Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine popote. Chukua maka peni. Siku unayofungua chupa ya mafuta ya kupikia, andika tarehe kwenye chupa. Ikiisha, andika tarehe tena. Unayenunua mafuta ya kupima dukani, mimina yote kwenye chupa moja nyumbani na ufanye vivyo hivyo.

Sasa piga hesabu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 (kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula), wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Lita moja ya mafuta ni kama kalori 8,300. Nyumba ya watu wanne ikimaliza lita moja kwa wiki, kila mmoja amekula kama kalori 2,000 za mafuta ya chupa, bado hatujagusa nazi, karanga wala mafuta ya kwenye nyama. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa hiyo nyumba hiyo ikifanya lita moja idumu wiki mbili badala ya moja, bila kubadilisha kitu kingine, kila mtu ana nafasi ya kupunguza kilo moja kwa wiki saba au nane hivi. Na hela ya mafuta imebaki mfukoni.

Usidanganywe na maandishi ya kwenye dumu. "Hayana kolesteroli" ni kweli, na ni kweli kwa mafuta yote ya mimea. Alizeti, mawese, ufuta, mzeituni, yote ni kalori 9 kwa gramu. Alizeti ina ubora wake kwa moyo ukilinganisha na mawese, ila tumbo halijui tofauti.

Jinsi ya kupunguza: acha kumimina kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko cha chakula. Kimoja ni kama kalori 120. Tuseme unapika matembele ya watu wanne. Tia kijiko kimoja kwenye sufuria nzito, weka kitunguu, funika, moto mdogo. Kitunguu kikianza kushika chini, wengi ndipo wanapoongeza mafuta. Wewe ongeza maji vijiko viwili, koroga, funika tena. Kikishalainika tia nyanya, chumvi kidogo, acha ziive mpaka zishikane, ndipo uweke mboga. Ukitaka ladha zaidi, ongeza kitunguu swaumu, karoti ya kukwangua au ndimu mwishoni. Wiki ya kwanza utaona mboga imekuwa "kavu." Wiki ya nne, mboga ya hotelini ndiyo itakayokuonekea inaogelea.

Maharage: yaunge mara moja. Kuna nyumba maharage yanaungwa kwa mafuta, kisha yanatiwa tui zito juu yake. Chagua moja. Ukichagua nazi, tumia tui la pili, lile jepesi, na tui la kwanza libaki la sikukuu.

Vya kuzamisha kwenye mafuta ndivyo vigumu zaidi, kwa kuwa haviwezi kupimwa kwa kijiko. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Kiazi hichohicho kikiwa chipsi, gramu 100 zinapita 300. Sijasema usile chipsi maisha yako yote. Nasema zitoke kwenye orodha ya chakula cha kila siku. Mara moja kwa wiki, tena sahani ndogo, haitakuharibia kazi.

Hatua ya 3: Sukari ya chai, kabla ya sukari ya keki

Watu hukataa keki kwa mbwembwe, halafu wanakunywa vikombe vitatu vya chai ya vijiko vitatu. Kijiko cha chai kilichojaa kina kama gramu 5 za sukari. Tisa kwa siku ni gramu 45. Ongeza soda moja ya mililita 350, ambayo kwa aina nyingi ni gramu 35 au zaidi, umefika 80. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ambayo kwa mtu mzima wa wastani ni gramu 50, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi.

Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe kila wiki. Ulimi unazoea taratibu. Ukikata yote siku moja utarudi. Kama nyumbani kwenu sukari inatiwa kwenye sufuria jikoni, omba ibaki mezani kila mtu ajitilie. Mchaichai, tangawizi, iliki na mdalasini vinasaidia chai isiyo na sukari inyweke. Asali haikuokoi, nayo ni sukari. Juisi ya embe au ya pasheni iliyotiwa sukari ihesabu sawa na soda. Tunda lenyewe likitafunwa lina nyuzinyuzi zake na linashibisha.

Soda ikitoka, weka maji. Bia nayo ipo kwenye hesabu: chupa ya mililita 500 ni kama kalori 200, na mara nyingi haiji peke yake, inakuja na kitimoto au nyama choma na ndizi za kukaanga.

Hatua ya 4: Panga sahani upya

Nusu ya sahani iwe mboga za majani, bamia, nyanya chungu, kabichi, kachumbari. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, kuku au mayai. Ni sahani ileile uliyoizoea, imegeuzwa tu: kwetu kawaida mlima ni wali, na mboga iko pembeni kama pambo.

Kuna mtego mmoja. Viazi mviringo vya kwenye mchuzi ni wanga, hata kama vinaitwa mboga. Wali kwa viazi, pilau lenye viazi, ugali pamoja na wali kwenye sahani moja: hizo ni robo mbili za wanga, na mboga imekosa nafasi.

Kuhusu dona. Lina nyuzinyuzi kuliko sembe, linakaa tumboni zaidi, basi ulile kama unalipenda. Ila unga wowote wa mahindi una kama kalori 3,600 kwa kilo. Watu wanne wakipikiwa kilo nzima kwa mlo mmoja, kila mmoja amepata 900 za ugali pekee kabla ya mboga. Mtu hawezi kula dona lisilo na kipimo akasema anakula kiafya. Uji wa unga wa lishe ni vilevile: ule mchanganyiko wa nafaka, karanga na soya umetengenezwa ili mtoto aongezeke uzito, na mtu mzima akinywa bakuli mbili kila asubuhi naye ataongezeka.

Kama mnakula sinia moja, pakua pembeni. Kwenye sinia matonge hayahesabiki. Anza na mboga na maharage, wanga uufuate. Dagaa ni protini ya bei nafuu kuliko nyama. Warosti kwa nyanya badala ya kuwakaanga mpaka wakauke kama chipsi. Karanga na korosho ni nzuri, lakini gramu 100 za karanga zina zaidi ya kalori 550, kwa hiyo kiganja kimoja, siyo kifuko kizima ukiwa kwenye foleni ya Ubungo.

Hatua ya 5: Kwa mama ntilie na kwenye supu

Mchana mjini hupiki mwenyewe, lakini una mdomo. Mwambie mapema kabla hajapakua: "Mama, niwekee wali nusu, maharage jaza, na mboga ya majani ya kutosha. Mchuzi weka pembeni." Baada ya siku tatu hutahitaji kusema, atakuwa anakujua. Samaki wa kuchemsha au wa mchuzi badala ya wa kukaanga. Tunda kipande, kwa kuwa mara nyingi lipo.

Asubuhi ndipo panapoharibika. Supu yenyewe haina shida kubwa ukiengua mafuta ya juu. Shida ni chapati mbili za kuisindikiza. Chukua supu na ndizi moja ya kuchemsha, au supu peke yake na ndimu. Ukinywa chai, viazi vitamu, magimbi au mihogo ya kuchemsha na yai moja vitakufikisha mchana vizuri kuliko maandazi matatu, ambayo saa nne yatakuwa yamekwisha na wewe unatafuta sambusa.

Mwezi wa Ramadhani wengi hunenepa wakati wamefunga kutwa nzima. Angalia meza ya futari: tambi za sukari, kalimati, sambusa, muhogo wa nazi, magimbi, chapati, na uji mtamu. Fungulia tende na maji, kunywa supu, kaswali, kisha urudi mezani. Kwenye vya kukaanga na vya nazi chagua kimoja kwa siku, zungusha kwa wiki. Usiruke daku, kwa sababu anayeruka daku hula futari kwa kulipiza kisasi.

Hatua ya 6: Sasa mwili utembee

Nimeweka mazoezi hapa kwa sababu ya hesabu. Mtu wa kilo 75 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, anachoma kama kalori 260. Soda moja ya nusu lita imekula sehemu kubwa ya saa hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia na klabu ya jogging kila Jumamosi, wakamaliza kwa supu ya kongoro na chapati, na mwisho wa mwaka mizani iko palepale.

Hata hivyo usiyaache. Ukipunguza chakula bila mazoezi, sehemu ya kilo zinazotoka ni misuli. Na wanaofanikiwa kutorudisha uzito ni wale wanaoendelea kutembea. Kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kasi, ambao unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano tayari ni 150. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Wazo zuri, ila mwili unataka siku tano za wiki.

Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako. Panda ngazi. Tembea saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likishapoa. Dar ya Januari saa tano si ya kutembelea kwa sifa. Mwanamke anayetoka alfajiri atafute mwenzake au kikundi cha mtaani, na wapite barabara yenye watu. Raba za mtumba zinatosha, mradi soli haijakauka. Kama uzito ni mkubwa, usianze kwa kukimbia wala kuruka kamba, magoti yatagoma mapema. Tembea mpaka nusu saa iwe rahisi, kisha ongeza kasi.

Siku mbili za wiki zipe misuli. Kaa na usimame kwenye kiti bila kushika, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Pushapu za ukutani, baadaye za mezani, mwisho chini. Jaza madumu mawili ya lita 5, kila moja ni kilo 5, tembea nayo uani mkono huu na huu mgongo ukiwa umenyooka. Usingizi wa kutosha nao umo humuhumu: aliyelala kwa muda wa saa nne tu anaamka na njaa ya vitamu.

Vya kutonunua

Chai za kukata tumbo nyingi zina sanamaki au mmea unaofanya kazi kama huo. Unaharisha, mizani inashuka, unashangilia. Kilichotoka ni maji. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshapita zamani. Ukiitumia muda mrefu, madini ya mwili yanavurugika. Mkanda wa kuyeyusha kitambi unakutoa jasho, ukinywa maji jasho limerudi.

Vidonge visivyojulikana ni hatari zaidi. Sibutramine, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na mishipa ya damu, lakini imeendelea kugunduliwa ndani ya "dawa za asili" za kupunguza mwili. Sindano mpya kama semaglutide zinafanya kazi kweli, ila ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa. Usichomwe na mtu uliyemkuta kwenye kikundi cha WhatsApp.

Watu watasema, na mizani itagoma

Ukipungua kilo 5 utaulizwa kama unaumwa. Kwetu kunenepa ni kuwa na maisha mazuri, na kupungua kuna tafsiri zake. Jibu fupi linatosha: "Siumwi, shangazi, nimepunguza mafuta na sukari, natembea." Ukiwa mgeni, usikatae chakula chote, hiyo ni dharau; pokea kidogo, sifia, na uombe mboga ya ziada. Nyumbani usipike vyungu viwili. Chakula chenye mafuta kidogo kinawafaa wote, na watoto waongezewe wanga na maziwa kwenye sahani zao.

Baada ya miezi michache mizani itasimama. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo, kwa hiyo kilichokupunguza ukiwa na kilo 82 kinakushikilia tu ukiwa na 75. Rudi kwenye tarehe za mafuta na sukari uone kama hazijaanza kusogeleana, ongeza dakika 10 za kutembea kwa siku, pima kiuno, kwa sababu mara nyingine kiuno kinashuka wakati kilo zimekwama. Kama unafanya yote haya kwa wiki sita na hakuna kinachosogea, au umechoka mno, unahisi baridi na hedhi imevurugika, nenda kituo cha afya upimwe sukari na homoni za tezi ya shingo. Beba dawa zote unazotumia umwonyeshe daktari, pamoja na zile za mitishamba.